Je, Wajua? Fowili Kuukuu Hununuliwa kwa Kuinama

Likizo zikikaribia, vijana wa Tudor, Mombasa, huanza kuulizana: wapi tutapata fowili (gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne) ya zamani, Land Cruiser au Land Rover, tuitengeneze, tuingie nayo Tsavo? Ni hamu njema. Ila fedha nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi huanza na yanayoonekana, taa, rimu na gari lililoinuliwa, ilhali chini chuma kimeliwa na chumvi. Safu hii imefuata mpangilio ambao mfuko wako nao ungepaswa kuufuata: karatasi, chuma, injini, kisha vifaa. Isome yote kabla hujatoa arbuni.

Karatasi kabla ya chuma

Je, wajua kwamba fowili ya mwaka 1995 huwezi kuiagiza leo kutoka Japani ukaisajili Kenya kwa utaratibu wa kawaida? Kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000, inayosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), inazuia gari lililotumika lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Kwa hiyo fowili kuukuu unayoitafuta imo nchini tayari. Fowili hizo haziongezeki, na kila moja inayooza hupunguza zilizobaki. Ndiyo maana iliyo nzima hushika bei.

Je, wajua majirani wameamua vingine? Tanzania huruhusu magari makuukuu, lakini huyatoza ushuru wa ziada yakizidi miaka 8, na mkubwa zaidi yakizidi 10. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliyafungia mlango yaliyozidi miaka 15. Ukiuziwa fowili yenye namba za nchi jirani, usitosheke na maneno ya dalali. Nenda ukaulize forodha kwanza.

Namba ya usajili hukuambia gari liliingia lini katika daftari la Kenya, haikuambii liliundwa lini. Mfululizo wa KAA wenye herufi ya mwisho ulianza 1989, KBA ukafuata 2007, KCA 2014 na KDA 2020. Land Cruiser yenye KBB mbele yaweza kuwa ilikuwa imetembea Japani miaka kadhaa kabla ya kuteremshwa bandarini Kilindini.

Je, wajua kuisoma namba ya chesisi ya Land Cruiser? Chukua HZJ80. HZ ni injini ya dizeli iitwayo 1HZ, J ni ukoo wa Land Cruiser, na 80 ni kizazi chake. HDJ80 ina injini ya 1HD yenye turbo, FZJ80 hutumia petroli, na KZJ ni ya Prado yenye injini ya 1KZ. Land Rover zilizoundwa Uingereza tangu miaka ya 1980 zina namba ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SAL. Ukifungua boneti ukakuta injini isiyoafikiana na herufi hizo, uliza ilibadilishwa lini na kama logibuku imerekebishwa.

Wajua kwamba kumbukumbu za gari unaweza kuziomba kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) kabla ya kulipa? Jina la mwenye gari, rangi, namba ya injini na ya chesisi vyote vimo humo. Kisha shuka chini ya gari na tochi, uisome namba iliyogongwa kwenye chuma kwa macho yako. Kibati kilichopigwa ribiti ni rahisi kuhamisha. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi ni kazi ngumu kuibadilisha bila kuacha alama.

Je, wajua gari laweza kuwa rehani ingawa muuzaji anayo logibuku mkononi? Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 iliunda daftari la mali zilizowekwa dhamana, na daftari hilo hupekuliwa kupitia eCitizen. Dakika chache za kupekua ni nafuu kuliko kuamka siku moja ukakuta gari limechukuliwa na mkopeshaji usiyemjua.

Fowili nyingi nzuri zilifika nchini kwa ajili ya mashirika ya misaada na balozi, zikasamehewa ushuru. Msamaha ule ni wa yule aliyeingiza gari. Ukilinunua wewe, ushuru hudaiwa kabla umiliki haujahamishwa. Omba uone stakabadhi ya Mamlaka ya Mapato (KRA). Pasipo stakabadhi, hakuna biashara.

Na je, wajua Sheria ya Trafiki yampa mnunuzi siku 14 tu kulitumia gari barabarani kabla ya kuandikishwa jina lake? Muuzaji naye ana siku 7 za kumjulisha msajili kwamba ameuza. Ukiendesha kwa jina la mwenyewe wa kale, matatizo yake yanaweza kuwa yako, na yako yakawa yake.

Chuma, chumvi na kutu

Hapa ndipo pa kutulia, kwa kuwa Tudor iko kisiwani, imepakana na mkono wa bahari, na upepo wa kaskazi na wa kusi wote hupita juu ya maji kabla ya kufika kwenye maegesho yako.

Je, wajua kwa nini bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu? Gari hilo lilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza, na aluminiamu ilipatikana kwa wepesi. Ndugu Maurice na Spencer Wilks wa kampuni ya Rover waliamua kuitumia. Hivyo bodi haioti kutu nyekundu. Ila chesisi iliyoibeba ni chuma tupu, na huko ndiko mnunuzi wa Mombasa anapotakiwa kuangalia.

Wajua kwamba aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye chumvi na unyevu, huanza kuliwa? Metali mbili tofauti na maji ya chumvi kati yake hufanya betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayopoteza. Angalia miguu ya milango, pembe za sakafu na kila mahali bodi inapokutana na boliti. Ukiona unga mweupe na rangi iliyovimba, kazi imeshaanza zamani.

Je, wajua chesisi huoza kuanzia ndani? Chesisi nyingi za fowili ni masanduku marefu ya chuma yaliyofungwa, yenye matundu machache ya kutolea maji. Mchanga na matope huziba matundu yale, maji ya chumvi hubaki ndani, na chuma huliwa polepole huku nje kukionekana safi. Chukua nyundo ndogo, ugonge chesisi yote kutoka bampa hadi bampa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa, na pengine nyundo huzama.

Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu si dalili njema. Mwenye chesisi nzima hana sababu ya kuificha siku mbili kabla ya kuuza. Omba ruhusa ya kukwangua mahali padogo. Akikataa, mshukuru, uende zako.

Je, wajua kwamba gari laweza kufika Mombasa likiwa na kutu ya nchi ya baridi? Maeneo ya kaskazini mwa Japani kama Hokkaido hupata theluji nyingi, na chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Gari lililoishi huko kwa miaka kadhaa lilianza kuliwa kabla halijaiona bahari yetu.

Pa kuangaliwa ni hapa: nyuma kabisa ambapo chesisi huishia, vishikio vya springi, juu ya ekseli ya nyuma, chini ya betri, mabomba ya breki, na sakafu chini ya zulia. Inua zulia. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kiraka cha bati kilichochomelewa juu ya chuma kilichooza hakirudishi nguvu. Kazi sahihi ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kisha kuchomelea chuma cha unene uleule. Na kumbuka namba ya utambulisho wa gari imegongwa kwenye chesisi. Kuibadilisha chesisi nzima kunagusa karatasi, na NTSA lazima ijulishwe.

Wajua kwamba kuosha gari kwa maji ya kisima kwaweza kuongeza chumvi badala ya kuiondoa? Visima vingi vya kisiwa cha Mombasa vina maji ya chumvichumvi. Ukitoka kwenye mchanga wa pwani, tumia maji matamu, uelekeze bomba ndani ya matundu ya chesisi, uache gari likauke, kisha unyunyize nta ya kuzuia kutu humo ndani. Usipake oili chafu ya injini. Hudondoka, huingia udongoni, na mvua huishusha hadi kwenye mikoko ya Tudor.

Injini, gia na jaribio la njia

Je, wajua injini ya 1HZ ya Toyota ilianza 1990 na mafundi wa Afrika Mashariki bado wanaitafuta? Ina silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haihitaji kompyuta. Haina mbio, lakini fundi wa Voi au wa Garissa anaijua.

Hata hivyo, 1HZ haipendi kuongezewa turbo kiholela. Mwako wake huanzia katika vyumba vidogo vilivyo kwenye silinda hedi, na joto la ziada huzipasua kuta za hapo. Ukikuta 1HZ iliyofungwa turbo, uliza nani aliifunga, alipunguza dizeli kiasi gani, na kipimo cha joto la moshi kiko wapi.

Wajua kwamba injini hiyohiyo huendesha shafti ya valvu kwa mkanda wa mpira, sio mnyororo? Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya muda wake, na kwa magari mengi taa ya dashibodi huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha. Wapo wanaoizima taa bila kubadilisha mkanda. Usipopata ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, uuweke katika bei.

Prado ya miaka ya 1990 yenye injini ya 1KZ-TE ni gari tamu kuendesha, na ugonjwa wake mkubwa wajulikana: likichemka mara moja vibaya, silinda hedi hupasuka. Angalia redieta na mpira wa maji kabla ya kuangalia viti.

Moshi una lugha yake. Mweusi wa dizeli ni mafuta mengi kuliko hewa. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, wenye harufu tamu, mara nyingi ni maji ya redieta yanayoingia mahali yasipostahili.

Je, wajua kwa nini ufike asubuhi, injini ikiwa baridi? Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo na sauti za beringi. Weka mkono juu ya boneti kabla hujasalimiana. Ikiwa ina joto, mwambie utarudi kesho.

Njia ya kujaribia iko karibu. Toka kisiwani, upande Mazeras, au uvuke Likoni uende ukapande mlima wa Kwale. Joto la pwani na mlima mrefu vitasema ukweli kuhusu redieta, klachi na turbo kuliko mzunguko wa dakika tano mtaani.

Fungua kizibo cha oili ya difu, kisha cha gia boksi, uchovye kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Hiyo ni alama ya gari lililopita mtoni au baharini bila kuhudumiwa baadaye.

Je, wajua fowili za namna ya zamani, zile unazoingiza uvutaji wa magurudumu manne kwa mkono, hazifai kuendeshwa hivyo kwenye lami kavu? Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hutembea mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Pasipo difu ya kati ya kusawazisha, tofauti ile hujikusanya ndani ya gia na mashafti hadi kitu kivunjike. Land Rover ya 110, iliyotoka 1983, iliwekewa difu ya kati, ndiyo maana magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote. Land Rover nyingi za vizazi vilivyotangulia hazina.

Na je, wajua fowili yaweza kukwama huku magurudumu mawili tu yakizunguka? Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na upinzani. Moja la mbele na moja la nyuma yakiwa hewani, mengine mawili hukaa kimya. Hilo ndilo tatizo ambalo difu ya kufunga iliundwa kulitatua.

Gari dogo usilidharau. Suzuki Jimny iliyotoka 1998 ina chesisi yake, ekseli ngumu mbele na nyuma, na uzito wa takriban tani moja. Kwenye mchanga, wepesi ni nguvu.

Vifaa: nini kwanza, nini baadaye

Fedha ya kwanza iende kwenye breki, mipira ya maji, bushi, beringi za magurudumu na oili zote. Hakuna atakayekusifia barazani kwa mpira mpya wa redieta, lakini ndio utakaokurudisha nyumbani.

Je, wajua umri wa tairi umeandikwa ubavuni? Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini mpira uliokauka na kupasuka ubavuni ni hatari kwenye barabara ya Mombasa–Nairobi, wala mawe ya Tsavo hayatalihurumia.

Wajua kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vya kupita mchangani? Ni kupunguza upepo. Tairi la upepo wa psi 35 ukilishusha hadi 18 hivi, hurefuka chini, hukanyaga eneo kubwa zaidi, na gari huelea badala ya kuchimba. Hivyo ndivyo waendeshaji wa Oman wanavyoingia kwenye mchanga wa Sharqiya, mkoa wenye jamaa wengi wanaozungumza Kiswahili. Sharti ni moja: uwe na kompresa ya kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Kuinua springi hakuiinui difu. Huu ni ukweli ambao wauzaji wa vifaa husahau kuutaja. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, lakini difu imo katika ekseli, na ekseli hukaa katikati ya gurudumu. Kitakachoiinua difu kutoka kwenye jiwe ni tairi refu zaidi pekee. Sentimita 5 za springi zatosha kazi nyingi. Ukizidisha, pembe za mashafti huharibika na gari huwa jepesi kupinduka.

Tairi refu nalo hudanganya kipimo cha mwendo. Likizidi la awali kwa asilimia 10, mshale ukionesha 80 wewe unakwenda 88. Breki nazo hupata kazi zaidi ya zilivyopimiwa.

Je, wajua rimu za vipande viwili, zile za kufungwa kwa pete, zimewahi kuua watu wanaojaza upepo? Pete isipokaa vizuri hufyatuka kwa nguvu ya kutisha. Fundi wa tairi azijaze akiwa pembeni, rimu zikiwa ndani ya kizimba au zimefungwa mnyororo.

Difu za kufunga zapatikana za kiwandani katika baadhi ya Land Cruiser za 80, moja ya nyuma na nyingine ya mbele. Ziangalie kabla ya kununua za kampuni kama ARB ya Australia, iliyoanza 1975. Ya nyuma peke yake hutatua shida nyingi. Ukiifunga kwenye lami au kwenye kona, waweza kuyavunja mashafti.

Je, wajua bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya kioo haligeuzi gari kuwa mashua? Faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa yenye vumbi pungufu. Kwenye maji, difu, gia boksi na betri bado zimo chini. Kabla ya kununua bomba hilo, refusha vipumulio vya difu na gia boksi hadi juu ya injini. Gharama yake ni mipira michache, na huokoa beringi.

Winchi ipimwe kwa uzito wa gari lililojaa, si tupu, na iwe na nguvu ya angalau mara moja na nusu ya uzito huo. Nguvu yake kamili hupatikana waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye ngoma. Kapi moja la kurudishia kamba karibu huongeza uvutaji mara mbili, na mwendo hupungua nusu.

Na usivute gari lililokwama kwa kutumia tufe la chuma la kufungia trela. Likikatika huruka kama risasi, na limewahi kuua. Weka ndoano zilizofungwa kwenye chesisi, mbele na nyuma, hata kama huna winchi.

Dizeli pekee katika mtungi wa lita 20 ina uzito wa karibu kilo 17. Mitungi minne juu ya paa ni mtu mzima aliyekaa juu kabisa ya gari kila unapokata kona. Vizito viwe chini, katikati ya ekseli mbili.

Je, wajua ukibadilisha rangi, bodi au injini unatakiwa kurekebisha kumbukumbu za NTSA? Kampuni ya bima nayo ijulishwe kila badiliko. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, na siku ya ajali si siku ya kueleza kwa nini gari lililo barabarani si lile lililoandikwa kwenye hati.

Mafundi tunao, na porini pana adabu

Je, wajua kwamba Land Cruiser za pikapu za aina ya 79 zinazouzwa mpya Kenya huunganishwa hapahapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers? Kiwanda hicho kilianza kazi miaka ya 1970. Ujuzi wa fowili haukuletwa na watalii. Umo mikononi mwa watu wa mji huu.

Tudor yenyewe ina chuo cha ufundi kinachojulikana nchi nzima. Kilianza kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 Mombasa Polytechnic, na 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Uhandisi wa mitambo na magari hufundishwa hapo. Fundi kijana aliyesoma na fundi mzee wa jua kali, ukiwaleta wote wawili kukagua gari kabla ya kununua, umepata jopo bora.

Je, wajua mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989, hayashindwi kwa mbio? Gari hupewa saa 10 kufikia vituo 13, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Fedha zinazochangwa zilisaidia kujenga uzio wa takriban kilomita 400 kuzunguka Aberdare, uliokamilika 2009. Hapo ndipo unapoona fowili ikifanya kazi yenye maana.

Ndani ya hifadhi za Shirika la Wanyamapori (KWS), kuiacha barabara kumekatazwa, na mwendo haupaswi kuzidi kilomita 40 kwa saa. Tsavo Mashariki, na Shimba Hills, mahali pekee Kenya penye palahala porini, hufikiwa kwa fowili. Zina njia za kutosha kukutoa jasho bila ya kukanyaga majani.

Wajua kwamba gurudumu likipita ufukweni laweza kusaga mayai ya kasa yaliyofukiwa mchangani bila wewe kuona chochote? Kasa hutaga katika fukwe zetu, Watamu ikiwa mojawapo. Vivyo hivyo misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, si uwanja wa kujaribia tairi.

Na mto uliofurika usiuingie. Novemba 2023 mvua za El Niño zilichukua daraja la Mbogolo huko Kilifi na kuikata barabara ya Mombasa–Malindi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, fowili zikiwemo. Subiri yapungue, au urudi.

Ndugu msomaji, ukienda kuliona gari Jumamosi hii, chukua tochi, nyundo ndogo na fundi unayemwamini. Vaa nguo za kuchafuka, uiname uangalie chini kabla hujafungua mlango. Ukikuta chesisi nzima na karatasi safi, injini hutengenezeka, taa na winchi vitakuja taratibu. Ukikuta chesisi imeoza, hata wakikupunguzia nusu ya bei, usinunue.